Chemsha Bongo Darasani: Nani Hasa Anayekumbuka?

Ijumaa mchana, kipindi cha mwisho, Kidato cha Nne. Mwalimu wa Historia ameligawa darasa mara mbili, safu za dirishani dhidi ya safu za mlangoni, na ubaoni amepiga mstari wa kuandikia alama. Anauliza Mkutano wa Berlin ulifanyika lini. Mikono inachomoka, wengine wameshanyanyuka nusu kwenye viti: “Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!” Aliyeteuliwa anajibu kuwa ni 1884 hadi 1885. Makofi. Linafuata swali la Majimaji, kisha la Azimio la Arusha. Kengele inapolia darasa zima limechangamka, na mwalimu anaondoka na sauti iliyokauka na moyo mweupe kwamba leo wamefanya marudio.

Hebu tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Ondoa za kutulia, kugawana makundi na kubishana kuhusu alama, na mwalimu mchapakazi atakuwa ameuliza maswali 25. Darasa lina wanafunzi 60. Hata kama kila swali lingejibiwa na mtu tofauti, 35 wangetoka bila kufungua kinywa. Na sote tuliowahi kushika chaki tunajua kwamba hawakuwa watu 25 tofauti. Walikuwa sita au saba, walewale wanaopata A kwenye mtihani wa majaribio, mchezo uwepo usiwepo. Waliobaki walikuwa washangiliaji.

Siandiki haya kuipinga michezo. Ninaitetea kila ninapokaa na walimu, na ninaamini shule nyingi zinapoteza miezi ya marudio kwa kuwasomea wanafunzi upya notisi walizokwisha kuandika. Ila kipimo tunachokitumia kusema mchezo umefana, yaani kelele na vicheko, kinatudanganya. Kipimo changu ni kimoja: katika dakika yoyote ile ya mchezo, ni vichwa vingapi vinalazimika kulitafuta jibu ndani ya kumbukumbu bila kuangalia daftari? Kwenye chemsha bongo ya Ijumaa ile, ni kichwa kimoja. Tukiwa wakarimu, tuseme saba.

Kwa nini kulitafuta jibu kuwe na uzito kiasi hicho? Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa taaluma angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha habari wakisome. Kisha wengine walikisoma tena, na wengine wakatakiwa kuandika yote waliyoyakumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza, wakikumbuka asilimia 81 ya habari dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikuwa wamebaki na asilimia 42, na waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na 56. Katika jaribio la pili kulikuwa na jambo jingine linalonisisimua zaidi. Wanafunzi walipoulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliosoma tena na tena ndio waliojiamini kuliko wenzao. Ndiye yule mwanafunzi wetu anayekesha akipitisha macho kwenye notisi, akajiona ameiva, kisha akaduwaa ndani ya chumba cha mtihani.

Kwa hiyo kinachofanya kazi ya marudio ni ile juhudi ya kuchimbua jibu kichwani. Mchezo unakuja kwa sababu kumwomba kijana wa miaka 17 afanye juhudi hiyo kwa saa nzima, saa nane mchana, baada ya makande, ni kumwomba mengi. Mchezo humfanya ajibu maswali 30 bila kuhisi kwamba amefanya mtihani.

Kwetu jambo hili lina asili ndefu. Mtegaji anasema “Kitendawili!”, hadhira inajibu “Tega!”, na kila aliyeketi pale anaanza kuwaza. Wakishindwa, mtegaji anadai mji. Anapewa Unguja au Mombasa, anajisifu kidogo kwa aliyoyaona huko, kisha anakitegua mwenyewe. Mwalimu aitazame vizuri mila hii. Swali linakwenda kwa wote. Kushindwa kuna gharama ya mzaha tu, hakuna anayefedheheshwa. Na jibu sahihi lazima litolewe kabla ya kwenda mbele. Michezo mingi ya darasani inakosa walau mawili kati ya hayo, hasa la mwisho: kundi likikosa, mwalimu analirusha swali upande wa pili kama “bonasi”, alama zinaandikwa, na waliokosa hawajui hadi leo kwa nini walikosa.

Kilichosalia ni namna ya kuwafanya wote 60 wawaze, na hapa vifaa havihitajiki. Mchezo ninaoanza nao kila mara ni wa vidole. Swali la kuchagua linaandikwa ubaoni na majibu manne. Mwalimu anakaa kimya, anahesabu moyoni, kisha anasema “Inua!” Kila mwanafunzi anaonyesha vidole mbele ya kifua: kimoja kwa A, viwili kwa B, na kuendelea. Kifuani, wala si juu hewani, ili wa nyuma yake asiige. Kwa kutazama mara moja mwalimu anajua kama darasa limeelewa. Theluthi wakiwa wamekosa, mchezo unasimama, mada inafafanuliwa kwa dakika mbili, na swali hilo linarudishwa kwa sura nyingine baada ya maswali matano. Alama? Kila mtu ajihesabie nyuma ya daftari. Watakaodanganya watakuwepo, na haidhuru, maana alama hizo haziendi popote.

Kimya nilichokitaja hapo juu kina utafiti wake. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja tu baada ya kuuliza, wakati mwingine chini ya hapo, kisha humtaja mtu au hujijibu wenyewe. Walipofunzwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu mbele ya darasa lenye kelele ni ndefu mno. Jaribu, utaona unavyowashwa na ulimi.

Mchezo wa pili unahitaji karatasi za manila tu, au hata karatasi za mtihani wa zamani zilizo wazi upande mmoja. Kila mwanafunzi anatengeneza kadi tatu za mada aliyopangiwa: mbele swali, nyuma jibu. Mwalimu anazikusanya na kuzipitia kabla ya siku ya mchezo, na hili lisirukwe, kwa sababu kadi yenye jibu bovu itazunguka darasa zima kama uvumi. Siku yenyewe kila mtu anashika kadi moja na kutafuta mwenzake. Namuuliza Neema, “Taja sifa mbili za fasihi simulizi.” Anajibu moja, ya pili inamkwama. Simpi jibu papo hapo. Nampa dokezo: “Fikiria fanani na hadhira wanavyokutana.” Anapata. Naye ananiuliza la kwake, tunabadilishana kadi, kila mmoja anaelekea kwa mtu mwingine akiwa na swali ambalo dakika moja iliyopita alilijibu yeye. Katika darasa la 60 kuna jozi 30 kwa wakati mmoja, yaani watu 30 wanakumbuka na 30 wanasikiliza kwa makini kuona kama jibu linalingana na la nyuma ya kadi. Dakika 15 zinatosha kila mmoja kukutana na wenzake kama kumi. Madawati yakibanana hata pa kupita hakuna, acha watu wakae na kadi zitembee kutoka safu hadi safu.

Sasa ushindani. Vijana wanaupenda, na sioni sababu ya kuwanyima. Tatizo ni kwamba tunawapambanisha wasiolingana, kisha tunashangaa wanyonge wakisusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David DeVries na Keith Edwards wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walibuni utaratibu wa timu na mashindano ambao hadi leo sijaona ulioupita kwa darasa lenye viwango vilivyotofautiana sana. Timu za watu wanne au watano zinachanganya wazuri, wa kati na wanaosuasua, na zinajiandaa pamoja. Siku ya shindano timu zinavunjwa. Kila mchezaji anakwenda kwenye meza ya watu wa kiwango chake kutoka timu nyingine, meza ya wenye A peke yao, meza ya wenye D peke yao, na alama anazoshinda pale anazirudisha kwa timu yake. Ni kama ligi zenye madaraja, ambapo timu ya mtaani haikutanishwi na bingwa wa Ligi Kuu. Aliyekuwa mkiani anaweza kuiletea timu alama zilezile anazoleta anayeongoza darasa. Ndiyo maana timu yake ina sababu ya kumfundisha wiki nzima badala ya kumficha. Huyo anayeongoza naye, akimweleza mwenzake usanisinuru kwa mara ya tatu, anajikuta anauelewa kuliko alivyodhani.

Kuna desturi ambazo ningezifuta leo hii kama ningekuwa na kalamu nyekundu ya kuzipitia shule zote. Wavulana dhidi ya wasichana ni ya kwanza: inazaa kejeli ambazo haziishi kengele ikilia, na katika masomo ya sayansi inamwambia binti kwamba akikosa amekosa kwa niaba ya wasichana wote. Ya pili ni adhabu kwa walioshindwa, kufagia darasa, kuchota maji, kupiga pushapu. Mtu akiogopa kukosa hajibu, na asiyejibu hakumbuki. Zawadi sina ugomvi nazo zikiwa ndogo. Kalamu moja ya wino ya kugombewa na timu nzima inatosha kuwatoa jasho.

Ya tatu ni mbio. Alama kwa aliyewahi kupiga dawati. Kwa mwanafunzi wa Tanzania mbio zina ubaya wa ziada, kwa sababu tangu aingie Kidato cha Kwanza masomo karibu yote anayasoma kwa Kiingereza, baada ya miaka saba ya shule ya msingi ambako wengi wamesoma kwa Kiswahili. Swali la Biolojia analielewa kwanza kama lugha, kisha kama Biolojia. Ukimpa pointi aliyewahi, mara nyingi unapima nani anasoma Kiingereza haraka. Ninachokipendekeza ni kuwaruhusu wajadiliane kwenye kundi kwa lugha yoyote wanayofikiria vizuri, halafu jibu la mwisho liandikwe kwa lugha ya mtihani. Upo mchezo unaofaa sana hapa, wa kueleza istilahi bila kuitaja. Kadi inasema “usanisinuru”, na mwelezaji haruhusiwi kutamka jani, jua, wala mmea. Anababaika, anaanza na “chakula kinachotengenezwa bila jiko”, wenzake wanacheka, mmoja anapata. Wanakaa wanne wanne, kadi zinazunguka, hakuna anayekwepa zamu. Raundi ya pili ni kadi zilezile kwa Kiingereza. Wengine huweka kiti mbele ya darasa na kumkalisha mmoja kama kiti moto, jina ambalo kwa sababu za jikoni haliachi kuwavunja mbavu vijana wa Dar es Salaam. Mimi napendelea makundi ya wanne, kwa ile hesabu yangu ya vichwa.

Wanaoniuliza kuhusu programu za simu, kama Kahoot iliyoanzia Norway mwaka 2013, huwa nawajibu kwa ufupi. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi hatakiwi hata kuonekana na simu, na penye chumba cha kompyuta, kompyuta ni chache kuliko watu. Hata vifaa vikipatikana, mchezo wake wa kawaida unatoa pointi nyingi zaidi kwa aliyebonyeza mapema, na humpa mchezaji majibu ya kuchagua, kazi nyepesi kuliko kulitoa jibu kichwani. Faida yake ya kweli ni kumwonyesha mwalimu papo hapo asilimia waliokosa. Vidole vya kifuani vinafanya hivyo bila umeme.

Kenya wana utamaduni wa shule kadhaa kukutana siku nzima kwa ajili ya marudio, mabasi yakajaa uwanjani, ukumbi ukajaa watahiniwa wa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, maikrofoni moja ikapita kutoka shule hadi shule. Vijana wanafurahi kutoka, na mwalimu wa shule jirani huwa na njia ya kueleza ambayo wa kwao hana. Lakini irudie ile hesabu ya vichwa ndani ya ukumbi wenye watu mia tano.

Hadi hapa nimezungumzia maswali mafupi, na hapo ndipo michezo mingi inapoishia. Mtihani wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania hauishii hapo. Baada ya maswali ya kuchagua na kuoanisha, katika masomo kama Historia, Kiswahili na Jiografia kuna majibu mafupi, kisha insha, na insha ndizo zinazowamaliza watu. Kijana anaweza kutamba kwenye bingo ya elementi 20 za kwanza na kujua kila tarehe ya ukoloni, kisha akashindwa kupanga hoja tano kueleza kwa nini wenyeji walishindwa katika vita vya Majimaji. Hoja anazo, zimelala shaghalabaghala.

Kwa insha kuna mchezo ninaouita wa mtahini. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikionyesha vielelezo vya majibu mazuri na mabovu pamoja na maelezo ya kilichokosewa. Ni hazina, na katika shule nyingi nimeikuta imelala kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, haijafunguliwa. Nakili ubaoni jibu moja bovu, au liandike mwenyewe kwa mfano wake. Kila kundi lipewe mwongozo wa kusahihishia na dakika kumi: litoe alama, lionyeshe sentensi iliyopoteza alama, na liandike upya aya moja. Kisha makundi yatangaze alama zao kwa pamoja. Kundi moja limetoa 9, jingine 4. Ubishi unaofuata ndio marudio yenyewe. “Ametaja silaha duni lakini hakueleza!” “Kwani swali limesema eleza au taja?” Mwalimu anatoa alama yake mwisho, akisema kwa nini, na kundi lililokaribia zaidi linashinda. Baada ya kubishana hivyo mara kadhaa, mwanafunzi huanza kuisoma insha yake kwa jicho la atakayeisahihisha. Sijaona darasa linalolala kwenye mchezo huu.

Hisabati nayo ina shauri lake. Huko mbio ni sumu, maana zinamzoesha mtu kuruka njia, na njia ina alama. Kila kundi lipate swali moja, kila mwanakundi aandike hatua moja na kupitisha karatasi, na mwenye zamu akiona hatua iliyotangulia ina kosa airekebishe kwanza. Inatosha.

Lini tucheze? Wengi wanasubiri Septemba, silabasi ikiisha, ilhali mtihani ni Novemba. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe kwa orodha za silabi zisizo na maana, kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, ndani ya saa na siku za kwanza, kisha hupungua kasi. Mada iliyofundishwa Februari ikaguswa tena Septemba inafundishwa upya, hairudiwi. Dakika 15 kila wiki kuanzia Kidato cha Tatu ni bora kuliko wiki nzima ya sherehe za chemsha bongo. Na maswali yachanganywe: nusu ya juzi, nusu ya mada za nyuma, bila kutangaza lipi linatoka wapi. Mtihani nao hautangazi. Maswali yenyewe yasitupwe. Kadi za mwaka huu zikikaguliwa na kuhifadhiwa kwenye boksi la viatu, mwakani mwalimu anaanza na mamia ya maswali ambayo hakuyaandika yeye.

Mchezo ukiisha, dakika tatu za mwisho ni za daftari. Kila mmoja anaandika swali moja alilokosa na jibu lake sahihi, kwa maneno yake. Kipindi kinachofuata kinaanzia hapo. Mwalimu asiye na dakika hizo tatu ni heri apunguze maswali.

Linabaki pingamizi la kelele. Mkuu wa shule anapita koridoni, anasikia ghasia, na mwalimu wa darasa jirani ameshalalamika. Ushauri wangu kwa mwalimu kijana ni kumwalika mkuu aingie, lakini asimwalike siku ya mchezo. Amwalike baada ya wiki mbili. Mkuu achague mwenyewe wanafunzi watano wa madawati ya nyuma, wale ambao majina yao huwa hayatajwi siku ya kutangaza matokeo, na awape maswali matatu yaliyochezwa siku ile, daftari zikiwa zimefungwa. Wakijibu, kelele zitaombewa ruhusa kwa urahisi. Wakishindwa, mkuu atakuwa na haki ya kufunga mlango, na mwalimu atakuwa na sababu ya kubadilisha mchezo.